Wanawake wanene tunaokimbia, na tunaotamani kuanza: karibuni uzi huu

ZuhuraAlfajiri

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya kwa muda mrefu. Leo nafungua uzi mwenyewe kwa sababu kila nikitafuta ushauri wa kukimbia nakuta umeandikiwa mtu wa kilo 60. Mimi nina kilo 104, miaka 38, watoto wawili.

Ndani ya miaka mitatu nimeanza kukimbia mara nne, na zote nne sikumaliza mwezi. Hadithi ni ile ile. Naamka hakujakucha ili nisionekane, natoka mbio, dakika mbili hazijaisha pumzi imekata. Nasimama nimeshika kiuno. Natembea kidogo, lakini akitokea mtu mbele naanza tena kukimbia ili asinikute nimechoka. Ikifika wiki ya pili miundi yote miwili inauma, kushuka ngazi ni mtihani. Naacha. Miezi inapita, roho inanisuta, naanza upya.

Naomba mnisaidie. Mwili kama wangu unaweza kukimbia bila kuharibu magoti? Maumivu ya muundi yanatoka wapi? Na mapaja nifanyeje, maana yanachubuka hadi maji ya kuoga yakigusa natoa machozi.

Sitafuti mlo wa kupunguza uzito. Nataka kukimbia. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa nakimbia na nilipenda mno, nataka ile raha yenyewe irudi.

Kilo97

Naweka kambi hapa. Nimeacha mara mbili, kwa sababu hizo hizo. Ngoja waje wenye ujuzi.

BiSubira

Mdogo wangu Zuhura, karibu sana. Nilianza nikiwa na kilo 110 na miaka 41. Sasa nina 46, bado ni mwanamke mnene, na mwaka jana nilimaliza kilomita 21. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na kuna mahali pamoja umejieleza bila kujua: "akitokea mtu mbele naanza tena kukimbia."

Hapo ndipo penye tatizo lako lote. Pumzi, miundi, kuacha, vyote vinaanzia hapo. Wewe hukimbii kwa mwendo wa mwili wako, unakimbia kwa mwendo wa aibu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Tumeshazoea kuamini kwamba mtu mnene akionekana anatembea katikati ya mazoezi, watazamaji watasema si tuliwaambia. Basi tunakaza mwendo ambao hata mtu mwembamba anayeanza leo asingeuweza, halafu tukishindwa tunalaumu unene.

Fanya hivi. Siku tatu kwa wiki, kila moja ifuatwe na angalau siku moja ya kupumzika. Tembea kwa dakika 10 kwanza, mwili upate joto. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8, malizia kwa kutembea polepole. Dakika hiyo moja ya kukimbia iwe ya polepole kiasi kwamba unaweza kusema sentensi nzima kwa sauti bila kukata. Ukiweza kutaja maneno mawili matatu tu, umezidisha. Ikiwa mwendo huo unakaribiana na wa kutembea, ni sawa kabisa, ndio wenyewe.

Tena tembea kabla hujachoka. Hili ndilo gumu kulikubali. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amefundisha watu kwa miongo mingi kukimbia na kutembea kwa zamu tangu mwanzo wa safari, wala si kusubiri mpaka miguu igome. Kwake kutembea ni sehemu ya mbinu. Ukitembea kwa sababu saa imesema, kichwa chako hakihesabu kwamba umeshindwa.

Sasa miundi. Ukikimbia, kila mguu unapotua ardhi inaupokea kwa nguvu ya kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa kilo 104 hiyo ni zaidi ya kilo 200 kwa kila hatua. Mwili unaweza kuibeba, ila lazima ufundishwe taratibu. Na hapa nisikilizeni nyote, maana hakuna aliyeniambia mapema: moyo na mapafu vinaboreka ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano vinahitaji miezi. Kwa hiyo wiki ya hatari si ya kwanza. Ni ya nne au ya tano, ukishaanza kujisikia vizuri, pumzi ipo, unatamani kuongeza. Pumzi inasema twende, muundi bado haujawa tayari. Mimi niliumia wiki ya tano nikiwa na furaha tele.

Jambo la mwisho, fupisha hatua. Usirushe mguu mbali mbele yako, utue chini ya mwili wako. Hatua fupi za haraka zinapunguza mzigo kwenye goti na muundi kuliko hatua ndefu chache.

ZuhuraAlfajiri

Da Subira, nimesoma nikiwa nimekaa kitandani na nimelia kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia niende polepole. Wote wananiambia nikaze.

MamaPacha

Ngoja mimi nijibu la mapaja, maana nilikaribia kuacha kwa ajili yake peke yake.

Paja linachubuka kwa msuguano na jasho. Tibu yote mawili. Vaa taiti inayobana vizuri na inayofika karibu na goti. Iliyo fupi inajikunja na kupanda, na ikipanda ni afadhali hata usingeivaa. Pamba inashika jasho, inalowa, inakuwa kama msasa, kwa hiyo tafuta kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Chini ya taiti paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, chini ya matiti pale ukingo wa sidiria unapokaa, na kwapani. Paka kabla hujatoka, usingoje kusikia moto. Ukishachubuka, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta, upumzishe ngozi hadi ipone.

Sidiria sasa. Dada zangu wenye vifua vikubwa, hapa msibane matumizi kama kuna namna. Sidiria ya kawaida haikushonwa kwa kazi hii. Ya michezo yenyewe haina hata miaka mingi: ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1977, na wanawake waliokuwa wamechoka kuumia kifua wakikimbia. Walianza kwa kushona pamoja vikinga viwili vya sehemu za siri, vile wanavyovaa wanaume michezoni. Nikilikumbuka hilo naona kwamba shida yetu haikuwa miili yetu, ni kwamba muda mrefu hakuna aliyetufikiria.

Mzigo mkubwa unabebwa na mkanda wa chini, siyo kamba za mabegani. Ukiivaa, vidole viwili vipite chini ya mkanda kwa kubanwa, visizidi. Kama kamba zinakukata mabega, mkanda umelegea. Kwa kifua kikubwa, ile yenye vikombe viwili vilivyotengana inashika vizuri kuliko ile inayoyabana yote pamoja kama bandeji. Rukaruka nayo dukani kabla hujalipa, usione haya. Nilivaa sidiria mbili kwa pamoja mwaka mzima kabla sijapata ya saizi yangu, na inasaidia kama huna njia nyingine.

Raba: ziwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa sababu mguu unavimba ukikimbia. Nenda kununua jioni. Raba za kukimbia kwa kawaida zinachoka kati ya kilomita 500 na 800, na kwa uzito wetu zinaweza kuchoka mapema zaidi. Ukiona soli imelala upande mmoja, au miguu imeanza kuuma bila sababu, angalia raba kwanza.

MwendoWaPole

Samahani nipingane nanyi kidogo, kwa nia njema. Kwa nini msipunguze uzito kwanza kwa kutembea na kula vizuri, halafu mkimbie? Kilo zaidi ya 100 kwenye goti si mchezo.

Kilo97

Hiyo "kwanza" ndiyo iliyonikalisha miaka sita. Kwanza pungua ndio ukaogelee, kwanza pungua ndio ununue nguo nzuri, kwanza pungua ndio ukimbie. Sijasema una nia mbaya ndugu yangu. Nasema tu kwamba miaka imekwenda.

DadaWaViungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mwenyewe nina mwili mkubwa. Hoja ya MwendoWaPole ina ukweli ndani yake, tusiitupe yote.

Ukweli ni kwamba uzito mkubwa wenyewe, hata usipokimbia, unaongeza uwezekano wa goti kusagika. Lakini watu wanaokimbia kwa kiasi, kwa ajili ya afya na starehe, hawajaonekana kupata ugonjwa huo wa viungo zaidi ya wasiokimbia. Goti linapenda kutumiwa. Lisichopenda ni kushtukizwa. Kwa hiyo mimi siulizi mtu ana kilo ngapi, nauliza: unaweza kutembea kwa haraka nusu saa, siku tatu nne kwa wiki, bila maumivu kesho yake? Ukiweza, uko tayari kwa ile dakika moja ya Bi Subira. Kama bado, anza na kutembea, hata wiki sita, na hiyo tayari ni mazoezi ya kukimbia.

Wenye presha, kisukari, matatizo ya moyo, goti lililowahi kuumia, au aliyejifungua karibuni, aonane na daktari kwanza. Na yeyote akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika, asimame hapo hapo atafute msaada. Hapo hakuna kuvumilia.

Zuhura, kuhusu muundi: pitisha kidole kwenye mfupa. Ukisikia maumivu yaliyosambaa kwenye eneo refu, hasa upande wa ndani, na yanapungua ukipumzika, mara nyingi ni mzigo ulioongezwa haraka. Punguza, pumzika siku kadhaa, rudi polepole. Lakini yakiwa kwenye sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanauma hata usiku au ukiwa umekaa, acha kabisa kukimbia ukapimwe, kwa sababu mfupa unaweza kuwa na ufa. Kisigino nacho, kikikuchoma kwa hatua za kwanza tu za asubuhi, ni utando wa unyayo unalalamika. Usiungoje ukomae.

Ongezeni mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, nyumbani, bila kifaa. Simama ushike ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu kwa kuhesabu hadi tatu, mara 12. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 10. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga, mara 12. Pumzika, rudia yote mara mbili. Hayo mashavu ya miguu na makalio ndiyo yanayopokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa. Wagonjwa wangu wengi wanayaacha haya kwa sababu hayana jasho jingi, halafu narudi kuwaona na muundi ule ule.

NimesomaKimya

Nimefungua akaunti leo ili niulize hili. Nikikimbia mkojo unatoka kidogo. Nimezaa mara tatu. Sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

DadaWaViungo

Ahsante kwa kusema, mpenzi. Ni jambo la kawaida sana kwa wanawake waliozaa, na hata ambao hawajazaa, ila kuwa kwake kawaida kusikufanye ulivumilie, maana linatibika. Misuli inayoshikilia kibofu kwa chini imelegea, nayo ni misuli kama mingine, inajengwa. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia kwa sekunde tano huku unapumua, legeza kabisa kwa sekunde tano, mara 10, mara tatu kwa siku. Usifanye ukiwa unakojoa kweli. Mazoezi haya yanaitwa kwa jina la daktari Arnold Kegel, aliyeyaeleza mwaka 1948, na yanahitaji wiki nyingi kabla hujaona tofauti, kwa kawaida miezi mitatu hivi. Kwa sasa nenda haja kabla ya kutoka, vaa pedi nyepesi, na usiache kunywa maji kwa kuogopa, kwa sababu mkojo mzito unakera kibofu zaidi. Yasipopungua, muone mtaalamu wa wanawake.

MamaPacha

NimesomaKimya, na mimi pia. Nilianza hayo mazoezi baada ya pacha wangu. Sasa nakimbia nusu saa nikiwa mkavu. Hauko peke yako.

NimesomaKimya

Siwezi kueleza nilivyofarijika.

Kilo97

Jamani, na watu wa barabarani? Juzi vijana wamenipigia kelele, mmoja akaigiza ninavyokimbia. Nilirudi nyumbani nikavua raba nikazitupa uvunguni.

BiSubira

Zitoe uvunguni, mwanangu.

Nitakwambia nilichofanya, sijui kama kitakufaa. Nilitafuta mwenzangu mmoja, tukawa wawili. Wawili hawaigizwi sana kama mmoja, na hata wakiigizwa wanatazamana. Nikachagua njia moja na saa moja ile ile, kila siku ya mazoezi. Wiki ya kwanza watu wanatazama, ya pili wanatazama, ikifika ya sita ushakuwa sehemu ya asubuhi yao. Mzee mmoja aliyekuwa ananitazama kwa mshangao alikuja kuniuliza nilikuwa wapi nilipokosa siku tatu.

Na acheni kutoka gizani kwa sababu ya aibu. Kama ni kukwepa jua, toka mapema, maana mwili mkubwa unatoa joto jingi na kulipoteza polepole, kwa hiyo tunazidiwa na joto haraka. Lakini giza totoro mwanamke peke yake si salama. Mwambie mtu unapita wapi na utarudi saa ngapi. Usizibe masikio yote mawili kwa muziki.

Kelele ziliniumiza, sitadanganya. Zilipoacha kuniumiza ni siku nilipoacha kuongeza mwendo nikizisikia. Nikaendelea na mwendo wangu ule ule, kana kwamba hawajasema kitu.

BabaWawili

Shikamooni kina mama, naomba ruhusa ya kuingia. Mke wangu ameanza wiki mbili zilizopita. Nataka kumtia moyo ila naogopa kusema vibaya. Niseme nini?

MamaPacha

Karibu shemeji. Usimwambie amepungua. Ukimwambia leo amepungua, wiki asipopungua atadhani kazi yake imekuwa bure. Mwulize amekimbiaje, alijisikiaje. Kaa na watoto ile saa yake bila kuombwa, na asikute vyombo vinamsubiri. Hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote.

Kilo97

Na usimkimbize! Mume wangu alinisindikiza mara moja, akawa ananitangulia hatua kumi na kunigeukia. Nilichoka roho kabla ya miguu.

BabaWawili

Nimeelewa. Nashukuru sana.

BiSubira

Kwa wanaotaka kuona mfano wa mbali, mtafuteni Mirna Valerio. Ni Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu, mwanamke mwenye mwili mkubwa, amekimbia marathoni na hata mbio ndefu kuliko marathoni, za milimani. Picha zake zilinisaidia siku nilizokuwa sioni mtu anayefanana nami barabarani.

ZuhuraAlfajiri (wiki saba baadaye)

Wapendwa, nimerudi. Sikuandika mapema kwa sababu niliogopa kusema naendelea halafu niache.

Wiki ya kwanza nilihisi kama nadanganya, dakika moja tu halafu natembea. Sikuchoka hata. Nilirudi nyumbani nikiwa na nguvu, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Wiki ya tatu nikaenda dakika 2 kwa 2. Wiki ya tano, kama ulivyosema da Subira, nilijiona simba. Nikataka dakika 10 mfululizo. Niliukumbuka huu uzi nikiwa nimeshafunga kamba za raba, nikabaki kwenye dakika 3. Miundi kimya.

Uzito: nimepungua kilo moja, wiki nyingine inarudi. Nilienda kwenye mizani mara nne nikaacha. Ila nalala usiku kucha sasa. Presha iliyokuwa inasumbua, mara mbili za mwisho imepimwa iko chini kuliko mwaka jana. Daktari kaniambia niendelee, na dawa nisiziguse bila yeye kusema.

DadaWaViungo

Hiyo ya presha na usingizi wengi hawaijui. Mazoezi yanaanza kusaidia mwili kabla mizani haijasogea, na hata isiposogea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwako kati ya mbio kunahesabika humo.

MwendoWaPole

Dada Zuhura, hongera. Niliyosema mwanzo nimeyafikiria. Nimeanza kutembea nusu saa na dada yangu mkubwa, ana kilo 120. Akiwa tayari nitamletea huu uzi.

Kilo97

Raba zimetoka uvunguni tangu mwezi uliopita. Nimepata mwenzangu, ni jirani. Tuko dakika 2 kwa 2.

ZuhuraAlfajiri (miezi sita tangu nifungue uzi)

Jumamosi nimekwenda kilomita 5. Dakika 52, kimbia dakika 4 tembea 1. Kulikuwa na watu wengi, tena ni mchana kweupe, saa tatu asubuhi.

Karibu na kilomita ya tatu, kikundi cha wasichana wembamba kilikuwa kinakuja mbele yangu. Saa yangu ikalia, dakika zangu nne zimeisha. Nikatembea. Walinifikia nikiwa natembea, nimenyoosha mgongo, napumua vizuri. Mmoja akanisalimia, nikamwitikia sentensi nzima.

Dakika yangu ilipoisha nikaanza kukimbia tena. Da Subira, nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

BiSubira

Nimesoma kwa sauti mwenzangu akisikiliza. Jumamosi ijayo unakwenda saa ngapi? Tuandike hapa sote, kila mtu alipo, tutoke kwa wakati mmoja.

NimesomaKimya

Niandikeni. Saa kumi na mbili na nusu.